Jinsi ya kutambua mashamba yaliyoachwa kwa picha za setilaiti: mwongozo kwa Mwanza na pwani ya Ziwa Viktoria

Anayeianza kazi hii kwa kawaida hutafuta ardhi tupu, na hapo ndipo anapopotea. Kuanzia Magu hadi Sengerema, shamba lililoachwa lina kijani kingi kuliko linalolimwa, hasa vuli inapoanza. Nyasi na vichaka huchipua ndani ya wiki mbili tangu mvua ya kwanza ya maana, ilhali jirani aliyelima ana udongo uliopinduliwa na mbegu ambayo bado haijaota. Kwa hiyo usitafute mahali palipokosa kijani. Tafuta mahali palipokosa udongo uliolimwa, wakati uleule wa msimu, mwaka baada ya mwaka.

Amua kwanza "kuachwa" ni nini

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huhesabu shamba lililopumzishwa chini ya miaka mitano kuwa bado ni ardhi ya kilimo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 45, nayo inataja muda usiopungua miaka mitano kabla ardhi ya kimila haijahesabiwa kuwa imetelekezwa, na inakubali kulaza shamba kuwa ni matumizi. Basi tumia mitano. Lakini uelewe mpaka wa kazi yako: setilaiti inaweza kuonyesha kwamba kipande hiki hakikulimwa misimu mitano. Haiwezi kuonyesha kwamba mwenyewe amekiacha. Kwenye ufunguo wa ramani andika "halijalimwa misimu 5", usiandike "limetelekezwa". Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwa sababu ramani ikifika kijijini kuna mtu atakayeisoma akimtafutia jirani yake sababu ya kunyang'anywa.

Sharti la pili: kipande kiwe kiliwahi kulimwa. Pori ambalo halijaguswa jembe nalo halina udongo uliolimwa. Kanuni inayofanya kazi ni hii: kililimwa angalau misimu 2 kati ya 3 ya mwanzo, kisha hakikulimwa misimu 5 iliyofuata. Jumla ni misimu 8. Setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-2B iliporushwa Machi 2017 na kuungana na 2A, picha zilianza kupatikana kila siku 5, hivyo msimu wa 2017/18 hadi 2024/25 unakupa nane kamili. Ukitaka kurudi nyuma zaidi itabidi utumie Landsat, setilaiti za Marekani, na hapo kuna gharama yake tutakayoieleza chini.

Data na vifaa

Njia nyepesi ni Google Earth Engine, ambayo ni bure kwa kazi isiyo ya kibiashara. Hesabu zinafanyika kwenye kompyuta zao, wewe unashusha matokeo tu. Ukitaka kushusha picha zenyewe kutoka Copernicus, mpango wa Ulaya wenye setilaiti hizi, na kufanyia kazi kwenye QGIS, programu ya ramani, jua kwamba kigae kimoja cha Sentinel-2 kinafunika takriban kilomita 110 kwa 110 na kina uzito unaokaribia GB 1. Picha sita kwa msimu mara misimu minane ni karibu GB 50 kwa kigae kimoja. Kwa bando la simu usijaribu.

Utakachohitaji:

- Sentinel-2 iliyoondolewa athari za angahewa (`COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED`). Chukua hii yenye neno HARMONIZED. Tangu mwisho wa Januari 2022 namba za picha ziliongezewa 1,000, na asiyetumia seti iliyosawazishwa ataona mashamba yote "yamebadilika" mwaka huo.
- Cloud Score+ (`GOOGLE/CLOUD_SCORE_PLUS/V1/S2_HARMONIZED`) kwa kuondoa mawingu na vivuli vyake.
- Makadirio ya mvua ya CHIRPS, yenye rekodi tangu 1981 na pikseli (miraba midogo inayounda picha) za takriban kilomita 5.
- Ramani ya maji ya JRC (`JRC/GSW1_4/GlobalSurfaceWater`), bendi (tabaka la data) ya `max_extent`, inayoonyesha kila mahali palipowahi kuwa na maji.
- Picha za karibu za Google Earth Pro, kile kitufe cha saa kinachorudisha picha za miaka ya nyuma.

Kabla ya hesabu yoyote, hesabu picha zilizopo kwa kila msimu ndani ya eneo lako. Misimu ya mwanzo ya Sentinel-2 iliyosahihishwa inaweza kuwa na mapengo, na pengo usilolijua litageuka kuwa shamba lililoachwa.

Ukubwa wa pikseli ndio unaoamua unaweza kuona nini. Ekari moja ni mita za mraba 4,047: pikseli kama 40 za Sentinel-2, lakini pikseli nne na nusu tu za Landsat. Kipande cha nusu ekari kina upande wa mita 45 hivi, na ukiondoa pikseli za pembeni zilizochanganyika na za jirani unabaki na pikseli sita hadi tisa safi. Chini ya hapo usidai unaona kitu. Kwa Landsat, shughulika na vipande vya hekta moja kwenda juu, na kumbuka kwamba Landsat 7 iliharibika kifaa chake Mei 31, 2003, ikawa inapoteza karibu asilimia 22 ya kila picha kwa michirizi myeusi.

Hatua ya 1: Panga mwaka kwa jembe

Anza mwaka Septemba 1, umalize Agosti 31. Ukitumia Januari hadi Desemba unaikata pamba katikati: imepandwa Novemba au Desemba, inavunwa kuanzia Mei. Msimu mmoja unakuwa nusu mbili zisizofanana na chochote.

Kalenda ya kuweka kichwani: Septemba na Oktoba ni kusafisha mashamba, kuchoma masalia na kuanza kulima, vuli hushuka kati ya Oktoba na Desemba, Januari na Februari mvua hupungua, masika ni Machi hadi Mei, Juni hadi Agosti ni kiangazi na mavuno ya pamba. Mbugani, yaani kwenye mabonde ya udongo mweusi, ni habari nyingine: mpunga kwenye majaruba hufuata maji, na dengu hupandwa mvua zikiisha, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini. Shamba la dengu linaweza kuwa na kijani Juni au Julai wakati kila kitu kinachoizunguka mbuga kimekauka.

Hatua ya 2: Tenga udongo kabla ya kuhesabu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoharibu ramani nyingi. Mteremko wa Usukumani una mpangilio unaojirudia: juu kuna miamba ya graniti, chini yake mchanga wa luseni, kisha itogolo yenye tabaka gumu, kisha udongo mweusi wa mbuga. Luseni mkavu unang'aa, mbuga iliyolowa ni nyeusi, na kipimo kilekile cha kijani hakina maana moja kwenye udongo huu na ule. Gawa eneo makundi mawili angalau: miteremko na mbuga. Modeli ya mwinuko ya SRTM ya mita 30 inatosha. Chukua mteremko chini ya asilimia 2 na urefu mdogo juu ya mkondo wa maji ulio karibu, kisha sahihisha mpaka kwa macho juu ya picha ya kiangazi, ambapo mbuga inajionyesha yenyewe kwa rangi.

Hatua ya 3: Tafuta mvua ilianza lini

Usifunge dirisha la picha, yaani kipindi unachochukulia picha, kwenye tarehe. Mwaka mmoja mvua inaanza mapema Oktoba, mwaka mwingine Novemba inapita kavu. Ukipima kijani Novemba 10 kila mwaka, kuna mwaka utapima nyasi kavu na kuziita udongo uliolimwa.

Kwa kila pikseli ya CHIRPS, tafuta siku ya kwanza baada ya Septemba 1 ambapo jumla ya siku 10 imefika milimita 25, na siku 20 zinazofuata zikapata angalau milimita 20 nyingine. Sharti hilo la pili linaondoa manyunyu ya uongo. Dirisha lako ni siku ya 12 hadi ya 45 tangu tarehe hiyo. Kabla ya siku ya 12 nyasi hazijachipua vya kutosha kutofautiana na udongo. Baada ya ya 45 mahindi yaliyopandwa mapema yamefunika ardhi na kufanana na pori.

Hatua ya 4: Safisha mawingu, pata vipimo

Kwenye Cloud Score+ tumia bendi `cs`, alama ya usafi wa pikseli, na ubakize pikseli zenye 0.60 au zaidi. Kisha kwa kila picha hesabu:

- NDVI = (B8 − B4) / (B8 + B4), kipimo cha kijani.
- BSI = ((B11 + B4) − (B8 + B2)) / ((B11 + B4) + (B8 + B2)), kipimo cha udongo mtupu.
- MNDWI = (B3 − B11) / (B3 + B11), kipimo cha maji.

Bendi ya 11 ina pikseli za mita 20, hivyo BSI ina ukungu kidogo kuliko NDVI. Hilo halikwepeki.

Ndani ya dirisha la mvua chukua persentaili ya 20 ya NDVI, yaani thamani ambayo picha moja kati ya tano iko chini yake, na persentaili ya 80 ya BSI. Usichukue kiwango cha chini kabisa: kivuli cha wingu kimoja kilichoponyoka usafishaji kitashusha NDVI na kukuletea shamba lililolimwa katikati ya pori. Usichukue wastani pia, maana kulima kunaonekana kwa siku chache tu kabla mazao hayajaota.

Ongeza vipimo viwili vya nje ya dirisha. Kimoja ni NDVI ya juu kabisa kati ya Februari na Mei, ukiipunguzia thamani ile ya dirisha la mvua. Shamba linalolimwa hupanda kutoka chini kabisa hadi juu, pori huanza tayari liko juu. Kingine ni NDVI ya Agosti, itakayokusaidia kutenga miti.

Hesabu pia ni picha ngapi safi zilibaki kwenye dirisha kwa kila pikseli. Siku 33 za dirisha zinakupa picha sita au saba, na Novemba yenye mawingu inaweza kukuachia mbili. Ikibaki moja au sifuri, andika "haijulikani". Usiandike 0. Kwenye Earth Engine pikseli iliyofichwa ukiipitisha kwenye `unmask(0)` inakuwa "haijalimwa" bila wewe kujua, na misimu mitano yenye mawingu inakuzalishia mashamba yaliyoachwa kwenye vilima vinavyovuta mawingu tu.

Hatua ya 5: Weka kizingiti kwa mashamba unayoyajua

Namba za kuanzia kwenye luseni: NDVI ya dirisha chini ya 0.30 na BSI juu ya 0.05, limelimwa; NDVI juu ya 0.42, halijalimwa; ikiwa katikati, amua kwa ule mpando wa kutoka dirishani hadi kilele cha masika. Mbugani anza na 0.25 na 0.38. Hizi ni za kushika mkononi tu. Kwa kila kundi la udongo chukua pointi 60 zinazojulikana kulimwa na 60 zisizolimwa kwa msimu mmoja, chora mgawanyo wao, na weka kizingiti pale mikunjo miwili inapokatana. Ukishakuwa na pointi mia tatu na zaidi unaweza kukabidhi kazi kwa random forest, mbinu ya kompyuta inayopigisha kura miti mingi ya maamuzi, yenye miti 200. Lakini usiruke uchoraji: ukiona mikunjo haitengani kwa macho, mashine nayo haitaitenganisha kwa haki, itakariri tu.

Kabla ya kuendelea, chora mstari wa NDVI wa vipande vitatu au vinne kwa misimu yote minane na uviangalie kwa utulivu. Kipande kinacholimwa kwenye luseni ya Misungwi, kwa mfano, kitakuwa na mkia mrefu wa kiangazi karibu na 0.20, kitabaki hapo mvua ikinyesha huku majirani wakipanda, kisha kitapaa hadi 0.6 au 0.7 na kushuka kwa ghafla wakati wa mavuno. Kilichoachwa kinapanda pamoja na mvua bila kuchelewa na kinashuka polepole. Kadiri miaka inavyokwenda sakafu yake ya kiangazi inanyanyuka, kutoka 0.20 kwenda 0.28, kwenda 0.35, kwa sababu vichaka vyenye mizizi mirefu vinashika nafasi ya nyasi. Kunyanyuka huko kwa sakafu ni ushahidi mzuri kuliko msimu wowote mmoja.

Hatua ya 6: Unganisha misimu

Sasa kila pikseli ina msururu wa tarakimu nane, 1 kwa limelimwa, 0 kwa halijalimwa, na alama ya haijulikani. Ukidai sifuri tano mfululizo bila msamaha utapoteza mashamba mengi ya kweli. Hesabu ni hii: kama uainishaji wako ni sahihi kwa asilimia 90 kila msimu, uwezekano wa kuliona shamba lililoachwa kweli kuwa sifuri mara zote tano ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano (0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9), yaani 0.59. Mawili kati ya matano yanakuponyoka. Ukikubali sifuri nne kati ya tano unafika 0.92, na uwezekano wa shamba linalolimwa kuingia kimakosa bado ni chini ya moja kwa elfu.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba makosa ya mwaka huu hayahusiani na ya mwaka jana. Kiuhalisia yanahusiana: mwembe ulio katikati ya shamba unadanganya kila mwaka kwa namna ileile. Ndiyo maana kazi ya uwandani haiepukiki.

Sharti moja la kuongeza: ile 1 ya msamaha isiwe ya msimu wa mwisho. Msururu 1 1 1 0 0 0 0 1 ni shamba lililorudiwa, wala si kosa.

Mwisho ondoa vipande vidogo. Hesabu pikseli zilizoungana (`connectedPixelCount`) na ufute makundi yenye chini ya 20, yaani hekta 0.2, ile nusu ekari. Toa ramani kwa `scale: 10` na `crs: 'EPSG:32736'`, mfumo wa ramani wa ukanda huu. Ukisahau kuandika scale, Earth Engine inakupa pikseli za kilomita moja na utafikiri hesabu yote imeharibika.

Yanayodanganya

*Ngitili.* Malisho yaliyotengwa, yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Ngitili ya zamani haitakusumbua kwa kuwa haikulimwa misimu ya mwanzo. Inayosumbua ni ile ya mtu aliyegeuza shamba lake kuwa ngitili miaka sita iliyopita: inatimiza kila sharti, na ni ardhi yenye thamani kubwa kwa mwenye ng'ombe. Dalili ni NDVI inayobaki juu hadi Julai kisha kuporomoka kwa mara moja mifugo inapoingizwa. Kwenye picha ya karibu angalia uzio wa minyaa au mkonge uliokamilika pande zote. Hata hivyo jibu la mwisho analo mwenye ngitili.

*Mihogo.* Inakaa ardhini mwaka na nusu au zaidi, mara nyingi na magugu. Msimu wa pili haina udongo mtupu wakati wa vuli. Sharti la miaka mitano linaimeza shida hii, ila usithubutu kutoa ramani ya "miaka miwili".

*Miti iliyopandwa.* Mikaratusi iliyopandwa kwenye shamba la zamani ni mabadiliko ya zao. NDVI ya Agosti ikizidi 0.45, weka kundi la pembeni na uangalie mistari kwenye picha ya karibu. Vichaka vinavyojiotea havina mistari.

*Moto.* Pori lililochomwa Agosti linafanana sana na shamba lililosafishwa. Likinyeshewa linachipua haraka kuliko hata lisilochomwa, na dirisha letu la baada ya mvua linaliumbua. Wanaopima udongo mtupu kiangazi ndio wanaonaswa hapa.

*Majaruba.* Mbugani maji yaliyotuama yanashusha NDVI chini ya sifuri, na ukitazama NDVI pekee utaona udongo mtupu. Yanatofautiana kwa BSI, ambayo juu ya maji safi huwa hasi. Kwa mpunga, hesabu msimu kuwa umelimwa kama kati ya Desemba na Machi MNDWI ilipanda juu ya 0 kisha NDVI ikafika 0.5 ndani ya siku 70. Mawingu yakizidi, tumia rada ya Sentinel-1: mawimbi ya VH huanguka maji yanapofunika jaruba na kupanda mpunga unapokua. Na usisahau kwamba mpunga wa mvua haupandwi mvua isipotosha. Majaruba yote ya mbuga nzima yakionyesha 0 kwa mwaka mmoja, angalia CHIRPS kabla ya kulaumu wakulima.

*Ziwa lenyewe.* Mwaka 2020 maji yalipanda hadi viwango vilivyokuwa havijaonekana tangu miaka ya 1960, na bustani nyingi za ukingoni zikamezwa. Hayo ni mashamba yaliyozama. Wenyewe wanaweza kurudi maji yakishuka. Ondoa kila kilicho ndani ya `max_extent` ya JRC, lakini ramani hiyo inaishia 2021, hivyo ongeza maji uliyoyaona mwenyewe kwa MNDWI. Gugu maji nalo lina NDVI ya 0.6 hadi 0.8 na husukumwa na upepo: leo limeziba ghuba, wiki ijayo halipo. Mafunjo hayahami, na kijani chake hakishuki mwaka mzima. Tenga pia ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni kama kundi lake, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani yake. Aliyezuiwa kulima hakuacha shamba kwa hiari.

*Viwanja.* Pembezoni mwa jiji, upande wa Kisesa, Buswelu na Usagara, shamba linauzwa, linapimwa, linaota nyasi likisubiri nyumba. Kwa setilaiti limeachwa, kwa mwenye hati ni mtaji. Tumia Open Buildings, data ya majengo ya Google: kipande kilicho ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba mpya kiweke kwenye kundi la "huenda kiwanja".

Ukivuka kwenda Kagera, simama. Kibanja cha migomba na kahawa hakionyeshi udongo mtupu mwaka mzima, na njia hii yote haifai huko.

Uwandani

Nenda Januari mwishoni au Februari. Mazao yapo, nani kalima na nani hakulima kunaonekana kwa macho, na njia za mbugani zinapitika kwa pikipiki kuliko Aprili. Chagua pointi kwa kubahatisha ndani ya kila kundi la ramani, zisiwe zile tu zilizo kando ya barabara. Mashamba ya barabarani huachwa mwisho na kuuzwa kwanza, hayawakilishi ya ndani.

GPS ya simu inakosea mita 3 hadi 10. Simama katikati ya kipande, subiri namba zitulie, kisha rekodi kwenye programu ya simu kama QField au KoboToolbox. Ukitumia ramani za zamani za serikali, angalia mfumo wake: nyingi ni Arc 1960 (EPSG:21036), na ukiziweka juu ya picha za setilaiti bila kubadili mfumo zinahama karibu mita 300. Hiyo inatosha kuhamisha kila pointi hadi shamba la mtu mwingine.

Tazama chini. Matuta ya zamani hudumu miaka mingi chini ya nyasi. Unayasikia kwa mguu kabla ya kuyaona, mawimbi yenye nafasi sawa, na mvua imeyalainisha migongo. Yakiwa bado na kingo kali na kuna maotea ya pamba juu yake, shamba lina mwaka au miwili tu. Yakikatwa na njia za ng'ombe zinazopita mshazari, limesahaulika muda mrefu. Miti ya miiba yenye shina unene wa kifundo cha mkono katikati ya matuta, si pembezoni, ni dalili nzito kuliko zote.

Pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, na uombe mtu wa kukuongoza. Ukikutana na mwenyewe, salamu kwanza, kisha swali liwe juu ya shamba, lisimguse yeye:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Shamba hili la juu ya kisima, mara ya mwisho lilipandwa nini?"

"Pamba. Mwaka ule wa mvua kubwa, kabla kijana hajaenda Geita."

Hapo umepata zao, mwaka na sababu bila kumuuliza kwa nini ameliacha. Miaka ya kumbukumbu husaidia kuliko tarehe: mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, maji ya ziwa ya 2020, uchaguzi. Ukiuliza "mbona umelitelekeza?" utajibiwa kwamba linalimwa kila mwaka, na rekodi yako itakuwa na uongo ulioutengeneza mwenyewe.

Hekta ngapi?

Usijumlishe pikseli ukatangaza. Ramani ina makosa pande zote mbili, na yanapaswa kuingia kwenye hesabu. Chukua mfano: ramani imesema hekta 1,200 hazijalimwa na hekta 18,800 ni mengineyo. Umekagua pointi 100 katika kundi la kwanza, 70 zikawa kweli. Na 200 katika la pili, 6 zikawa zimeachwa ila ramani haikuziona. Eneo ni 1,200 × 0.70, yaani 840, jumlisha 18,800 × 0.03, yaani 564. Jibu ni hekta 1,404, na kwa pointi hizo kiasi cha kuyumba ni karibu 460 juu au chini.

Ona wapi kuyumba kunatoka: karibu chote kinatoka kwenye zile pointi 6 za kundi kubwa. Kuongeza pointi kwenye kundi dogo hakutasaidia. Badala yake tenga kundi la tatu la pikseli zilizokaribia kizingiti, zenye sifuri tatu kati ya tano, na ukague pointi 100 hapo. Mashamba yaliyoponyoka mengi yamejificha humo.

Toa matokeo kwa kitongoji au kwa miraba ya kilomita moja. Ramani ya kipande kwa kipande ibaki kwenye kompyuta yako na kwa halmashauri ya kijiji yenyewe. Kwenye kila nakala inayotoka andika misimu iliyotumika, ukubwa wa kipande cha chini kabisa, asilimia ya pikseli "haijulikani", na tarehe ya kazi ya uwandani. Hifadhi pointi zote pamoja na vizingiti vya kila udongo. Msimu mpya ukiisha Agosti, unaongeza tarakimu moja upande wa kulia, unaondoa moja kushoto, na unakagua pointi 50 tu za vipande vilivyobadilika.